Mtelezo wa Sauti katika Ala za Nyuzi za Sampuli

Mpiga fidla ahamapo kutoka sauti moja kwenda nyingine aweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Aweza kuinua kidole kimoja na kuweka kingine, na sauti ya pili ikaanza pale ile ya kwanza ilipokoma. Au aweza kukiburura kidole juu ya uzi huku uta ukiendelea kwenda, na sikio likasikia sauti zote zilizo baina ya hizo mbili zikipita bila kituo. Njia hii ya pili Waitalia huiita portamento, kutokana na kitenzi chao chenye maana ya kubeba. Hapa itaitwa mtelezo. Neno hilo halina aibu yoyote: waliosema kwamba kuteleza si kuanguka walikwisha kuupambanua mwendo na ajali.

Jambo hili lingalibaki kuwa la wapiga fidla peke yao kama fidla zisingaliondolewa mahali pake. Vikundi vya taarab vya Unguja, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club kilichoanzishwa mwaka 1958, vilizoea kuweka fidla kadhaa zikimfuata mwimbaji na kumjibu. Katika miaka ya 1990 taarab ya kisasa ilishika njia nyingine, na kazi ya fidla nyingi ikapewa kinanda cha umeme. Aghalabu kinanda cha namna hii hakiumbi sauti ya fidla, bali huitoa akibani. Mpigaji fulani aliketi studio, akapiga sauti moja moja, na kila moja ikahifadhiwa chini ya kibao chake. Hizo ndizo sampuli. Kila sampuli ni fidla halisi. Kinachokosekana ni njia ya kutoka sampuli moja kwenda nyingine.

Wataalamu wa lugha wataitambua shida hii upesi, maana iliwahi kuwakuta wao wenyewe. Mtu akirekodi konsonanti peke yake na irabu peke yake, kisha akaziunga, hapati silabi ya kueleweka. Delattre, Liberman na Cooper wa Haskins Laboratories, New York, walionyesha mwaka 1955 kwamba sikio hupambanua b, d na g kwa kufuata jinsi mivumo ya irabu inavyopanda au kushuka katika kile kitambo kifupi cha kuingia ndani ya irabu. Habari ya konsonanti imo njiani. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa mashine za kusema walikuja kuhifadhi vipande vianzavyo katikati ya sauti moja na kuishia katikati ya ile inayofuata.

Katika muziki fikra hiyo ilichelewa. Mellotron, ala ya Kiingereza ya mwaka 1963, ilikuwa na utepe mmoja chini ya kila kibao, na utepe huo ulidumu kama sekunde 8 tu. Fairlight CMI, iliyotoka Australia mwaka 1979, iliweka sauti katika kompyuta, lakini kila sauti iliendelea kusimama peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu ndipo Vienna Symphonic Library ilipotoa sampuli za miungano yenyewe: mpigaji alirekodiwa akihama kutoka kila sauti kwenda kila jirani yake, juu na chini, na kompyuta ikapewa kazi ya kuuchagua muungano unaofaa.

Kabla ya hapo, na hata leo kwa wengi, chombo cha kuteleza kilikuwa gurudumu lililo kando ya vibao. Gurudumu hilo huipinda sauti kwa kuiharakisha au kuichelewesha sampuli. Mtikisiko wa kidole katika fidla huja kama mara 6 kwa sekunde. Sampuli ikipandishwa hatua 12 za kinanda, mtikisiko nao huwa mara 12, jambo ambalo mkono wa mtu hauliwezi. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Sanduku la fidla lina mivumo yake isiyohama. Mmoja, ule wa hewa iliyo ndani, huwa karibu na mitetemo 280 kwa sekunde. Uzi ukipanda, sanduku halipandi. Sampuli ikiharakishwa, sanduku nalo hupanda, kana kwamba fidla inazidi kuwa ndogo mikononi mwa mpigaji. Ndivyo pia maneno yaliyorekodiwa yanavyogeuka kuwa ya kikaragosi utepe ukikimbizwa: mivumo ya irabu imehamishwa pamoja na kimo cha sauti.

Kisha iko habari ya umbo la mtelezo. Uzi wa fidla una urefu wa sentimeta 33 hivi. Kutoka uzi mtupu kupanda hatua 2, kidole huenda sentimeta 3.6, hatua 2 za mwisho kabla ya nusu ya uzi huchukua sentimeta 2 tu. Basi kidole kikienda kwa mwendo mmoja, sauti hupanda polepole kwanza na kuharakisha baadaye. Katika kushuka, mambo hugeuka. Vinanda vingi vikiachwa viteleze vyenyewe hupanda kwa mstari ulionyoka, na sikio huutambua mara moja. Wala kidole hakianzi safari pindi sauti inapoanza. Hukaa, kisha huondoka kwa kuchelewa na kufika upesi. Carl Flesch, katika kitabu chake cha upigaji wa fidla cha mwaka 1923, alipambanua mitelezo ya aina mbili: ule unaofanywa na kidole kilichopiga sauti ya kwanza, kingine kikaangukia sauti ya pili, na ule unaofanywa na kidole cha mwisho kikiingia kwa kuteleza. Katika aina ya kwanza mtelezo haufiki mwisho. Hukatika, na kilichobaki hurukwa. Anayeiga fidla kwa kinanda asipouacha mruko huo hupata king'ora.

Lugha ya vyombo iitwayo MIDI, iliyokubaliwa mwaka 1983, inatosha kwa kazi hii ikitumiwa kwa akili. Kimo cha sauti kinagawanywa katika vituo 16,384. Hata gurudumu likipewa upana wa hatua 12 kila upande, mtelezo hausikiki kama ngazi. Lakini kupinda peke yake hakutoshi. Wapigaji wengi hulegeza uta wakati kidole kinasafiri, kwa hiyo nguvu ya sauti, inayoongozwa kwa namba 11, yapasa ipungue kidogo njiani na kurudi mwishoni. Mtikisiko ukome mpaka kidole kifike. Sauti ya pili isianze kwa mgutuko wa uta mpya. Tena mtelezo mmoja hauwezi kuvuka kutoka uzi hadi uzi.

Kundi la fidla lina taabu yake. Wapigaji 12 hawatelezi kwa pamoja: mmoja hutangulia, mwingine huchelewa, wa tatu hatelezi kabisa. Gurudumu likiipinda sampuli ya kundi zima, wote husogea kama mtu mmoja, na kinachosikika ni utepe unaosuasua. Ni afadhali fidla tatu au nne za pekee, kila moja na mtelezo wake na wakati wake, zichanganywe na kundi lililotulia.

Kwa taarab, hata miungano iliyorekodiwa Ulaya haimalizi kazi. Miungano hiyo huishia kwenye vimo vya kinanda, na maqam za Kiarabu kama rast na bayati zina sauti zilizo baina ya vibao viwili. Mtelezo ukifika kwenye kibao umepita au umepungukiwa. Tena fidla ya Kiarabu hukazwa sol, re, sol, re, si kama ya Ulaya, na hivyo nyuzi mbili za juu hulegea kidogo na kubadili sauti yake. Atakaye sampuli za fidla ya Unguja hana budi kumketisha mpigaji wa Unguja na fidla yake, na kumrekodi akihama, si akisimama.