Uchovu Usiokwisha Si Uzee

Liko neno moja ambalo wanaume wa makamo hupenda kulisema, nalo limewaponza wengi: "Ni umri tu." Mtu wa miaka 45 akisimama katikati ya ngazi ili atwete, husema ni umri. Akirudi kutoka kazini na kujitupa kitini, asiwe na nguvu hata za kuwauliza watoto habari za shule, husema ni umri. Akilala usiku kucha na kuamka amechoka kama mchukuzi aliyeshinda bandarini, husema vilevile. Umri umefanywa kuwa mshitakiwa asiye na wakili. Kila kosa hutwikwa yeye, wala hapana aombaye ushahidi.

Leo twataka kumtetea mshitakiwa huyu. Hatukatai kwamba mtu wa miaka 45 hana mbio za kijana wa miaka 20. Lakini hapana budi kutofautisha uchovu wa aina mbili. Upo uchovu wa kazi, ambao huondoka kwa chakula, usingizi na mapumziko ya siku moja au mbili. Na upo uchovu mwingine, ambao mtu hulala nao na kuamka nao, majuma yakaisha na miezi ikaanza. Huo wa pili una sababu, na sababu yake yapaswa kutafutwa. Mara nyingi pa kuanzia ni kijiko kimoja cha chai cha damu, kilichotolewa mkononi na kupelekwa maabara.

Rafiki yetu mmoja, mtunza ghala mwenye miaka 48, ametupa ruhusa tusimulie habari zake bila ya kulitaja jina lake. Kwa muda wa miezi mitano nguvu zilimwishia kidogo kidogo. Wenzake walinong'ona kwamba amekuwa mvivu. Mkewe alianza kushuku kwamba nguvu za mumewe zamalizikia nyumba nyingine. Yeye mwenyewe alisema ni malaria, akanunua dawa mara tatu bila ya kupimwa hata mara moja. Malaria ilipokataa kuondoka, kwa kuwa haikuwapo, muuza duka la dawa alimpa chupa ya dawa ya kuongeza damu. Hiyo ilimsaidia kwa majuma mawili, naye akajisifu kwamba amepona. Kisha uchovu ukarudi, na safari hii ulikuja pamoja na kizunguzungu. Siku moja alibeba boksi ghalani, kifua kikambana, akakaa chini asiweze kuinuka. Wenzake waliokuwa wakimcheka ndio waliomchukua kwenda kituo cha afya.

Alipopimwa, wingi wa damu yake ulikuwa gramu 7.6 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwanamume mzima ambaye kipimo chake kiko chini ya gramu 13 amepungukiwa damu. Basi rafiki yetu alikuwa akifanya kazi, akipanda ngazi na kubishana na mkewe kwa damu inayokaribia nusu ya ile aliyostahili kuwa nayo.

Tabibu aliyemhudumia alikuwa kijana, lakini hakuridhika kuandika vidonge na kumwita mgonjwa mwingine. Aliitazama karatasi ya maabara, akamtazama mgonjwa, akamwuliza: "Mzee wangu, wewe huoni siku kama mama zetu, wala hukupata ajali. Sasa damu yako inakwenda wapi?"

Ndugu msomaji, tungeomba swali hilo liandikwe juu ya mlango wa kila maabara. Damu ni mali, na mali ikipungua ghalani hatuongezi magunia tu. Tunauliza kwanza nani anayaiba. Mtunza ghala alilifahamu jambo hilo kuliko watu wote, ila hakupata kulifikiria juu ya mwili wake.

Hebu tuangalie hesabu. Rangi nyekundu ya damu, inayobeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli na ubongo, hutengenezwa kwa madini ya chuma. Mwanamume mzima mwenye afya hupoteza kiasi cha miligramu 1 tu ya chuma kwa siku, na chakula chake humrudishia. Lakini kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Kwa hiyo mtu anayevuja damu tumboni kijiko kimoja cha chai kila siku, yaani mililita 5, hupoteza miligramu 2.5 zaidi. Damu hiyo haionekani kwa macho chooni. Haina maumivu, wala haina kelele. Baada ya miezi kadhaa akiba ya chuma huisha, damu hupungua, na mwenye mwili husema ni umri.

Mwanamke wa umri wa kuzaa ana njia za kawaida za kupoteza damu, yaani siku zake za mwezi na uzazi. Mwanamume hana. Ndiyo sababu upungufu wa chuma kwa mwanamume wa makamo ni jambo la kuulizia, wala si la kufunikwa kwa chupa ya dawa. Huenda ni kidonda cha tumbo. Huenda ni minyoo ya safura, iingiayo kwa nyayo zisizo na viatu na kunyonya damu utumboni. Huenda ni kichocho, ambacho ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa wanakijua sana. Na huenda ni saratani ya tumbo au ya utumbo mpana, ambayo ishara yake ya kwanza yaweza kuwa uchovu huu huu tunaoudharau. Anayekunywa dawa ya kuongeza damu bila ya kutafuta chanzo huijaza ndoo yenye tundu. Tena dawa za chuma hukifanya choo kuwa cheusi, na weusi ni ishara mojawapo ya damu inayovuja tumboni. Hivyo dawa yenyewe yaweza kumficha mwizi.

Mwizi wa rafiki yetu alipatikana. Alipoulizwa vizuri, alikiri kwamba kwa miaka miwili alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kwa ajili ya mgongo wake, karibu kila siku, mara nyingi kabla ya kula. Vidonge vya namna hiyo huweza kuuchuna ukuta wa tumbo. Alipelekwa hospitali ya rufani, akaingizwa mrija mwembamba wenye kamera kwa njia ya mdomo, na kidonda kikaonekana kikivuja damu. Aliachishwa vidonge vile, akatibiwa kidonda, kisha akapewa dawa za chuma kwa miezi kadhaa. Dawa za chuma si mbaya; ubaya ni kuzitanguliza mbele ya swali.

Sasa yafaa tuseme ni vipimo gani vya damu ambavyo tabibu huweza kuvitaka. Cha kwanza ni picha kamili ya damu. Hicho huhesabu chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu, na huonyesha ukubwa wa chembe nyekundu. Chembe zikiwa ndogo na zenye rangi hafifu, mara nyingi chuma kimepungua. Chembe nyeupe zikizidi mno au zikiwa na sura ngeni, tabibu hufikiria mambo mazito, pamoja na saratani ya damu, ugonjwa uliotuondolea Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Cha pili ni sukari. Kisukari cha watu wazima hunyemelea kwa miaka, na uchovu, kiu na kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku ndio wajumbe wake. Mtu aliyefunga kula usiku kucha akipimwa na kukutwa na sukari ya 7.0 au zaidi, naye hana dalili nyingine, kipimo hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Cha tatu ni figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu, maana figo huharibika kimyakimya na mwenyewe huhisi kuchoka tu. Cha nne ni ini, pamoja na kipimo cha homa ya ini ya aina B, ambayo mtu huweza kukaa nayo miaka mingi bila ya kujua. Cha tano ni Virusi Vya Ukimwi. Wanaume wengi hukiogopa kipimo hiki kuliko vyote, ijapokuwa dawa zake zipo na atumiaye vema huishi na kufanya kazi kama wengine. Cha sita ni tezi ya shingo. Ikilegea, mwili wote hulegea pamoja nayo, mtu huona baridi, hunenepa na kusinzia.

Hatusemi kwamba kila mtu aliyechoka apimwe vyote. Tabibu mwema huanza kwa masikio kabla ya sindano. Huuliza uchovu ulianza lini, mgonjwa amepungua uzito au la, anakohoa, anatoka jasho usiku, anakunywa pombe kiasi gani, anameza dawa gani. Kisha huchagua. Vipimo vingi vilivyokusanywa bila ya sababu huleta majibu yaliyopotoka kidogo kwa bahati tu, na mtu mzima humpa hofu isiyo na msingi na gharama isiyo na faida.

Wala damu haisemi kila kitu. Kifua kikuu cha mapafu hutafutwa katika makohozi. Mtu anayekoroma usiku hata pumzi zikamkatika, akazinduka mara kwa mara, atachoka mchana ingawa damu yake ni safi. Moyo uliolegea huhitaji vipimo vyake. Na iko huzuni nzito ya moyoni, ambayo wanaume wetu wamefundishwa kuificha kama aibu. Nayo huchosha mwili kuliko jembe. Majibu ya maabara yakiwa mazuri hayana maana kwamba mgonjwa ni mwongo. Maana yake ni kwamba tuendelee kumsikiliza.

Hapo twafika kwa wale wanaofanya uchovu wa wanaume kuwa soko. Kila pembe ya mji utaona matangazo ya dawa za kurudisha nguvu za kiume, za kusafisha damu na za kurudisha ujana. Ni kweli kwamba homoni ya kiume yaweza kupungua, na yaweza kupimwa. Lakini kipimo chake hufanywa asubuhi, wakati homoni hiyo iko juu, na hurudiwa siku nyingine kabla ya kuamua lolote. Muuzaji wa barabarani hapimi asubuhi wala jioni. Apimacho ni mfuko wako.

Vilevile tuiache desturi ya kumsingizia mbu kila jambo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Tone moja la damu la kidoleni latosha. Kama rafiki yetu angelitoa tone hilo mara ya kwanza, na majibu yakasema hapana malaria, angelazimika kuuliza swali la pili miezi minne mapema.

Yapo na ya upande wa Serikali na Chama. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini kadi ya bima haipimi damu. Kinachopima ni mtaalamu wa maabara, mashine iliyo nzima, vitendanishi visivyokosekana, na tabibu mwenye dakika kumi za kumweleza mgonjwa majibu yake. Viongozi wanaotembelea vituo vya afya wasitosheke na rangi mpya ya ukuta. Wafungue mlango wa maabara, waulize: leo mmepima nini, na mmeshindwa kupima nini?

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Katika habari ya mtunza ghala wetu wote watatu walikuwapo. Maradhi yalimwibia damu, ujinga ukayaita umri, na umaskini ulikuwa ukingoja mlangoni siku atakapofukuzwa kazi kwa uvivu asiokuwa nao.

Wazee wetu walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Basi wewe mwanamume wa miaka arobaini au hamsini, uchovu wako ukipita majuma matatu bila ya sababu unayoijua, nenda ukapimwe. Ukiwa unapungua uzito, au choo ni cheusi, au pumzi inakatika, au kifua kinabana, usingoje hata juma moja. Nanyi akina mama, mkimwona baba wa nyumba amekuwa mtu wa kitini, msitangulize shutuma. Mpelekeni kwa tabibu. Na majibu yakija, usiikunje karatasi na kuitia mfukoni. Uliza maana yake, na kama damu imepungua, usitoke chumbani kabla hujaambiwa jinsi itakavyotafutwa njia iliyopitia.