Silensa Iko Fresh: Stori ya Duka la Spea Lumemo

Oya, kama hujawahi kusimama kwenye kaunta ya duka la spea hapa Lumemo saa moja asubuhi, mwezi wa nne, mvua ya usiku bado inachuruzika kwenye bati, basi foleni ya wagonjwa hujaiona. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko hapa hapa Ifakara na inapokea watu wa bonde zima la Kilombero. Vyuma vinaletwa kwa Maza.

Mwana mmoja kashika klachi pleti zimeungua kama chapati ya geto. Mwingine kaning'iniza cheni kidoleni kama kambale anayetafuta mteja. Wa tatu hana kitu mkononi, kaja na mlio tu: "Maza, inafanya ta-ta-ta nikiachia mafuta." Maza hanyanyui hata macho kwenye daftari. "Taimingi cheni hiyo. Mpelekee dogo aisikilize, ukirudi njoo na hela."

Duka ni lake. Kitaa chote kinamwita Maza, mpaka masela waliomzidi umri. Unamwamkia shikamoo, anajibu, "Marahaba, leo umevunja nini?" Nyuma ya wavu wa kaunta amepanga mazaga mpaka darini: plagi, beringi, breki shuu, tyubu, pistoni na ringi zake. Nje, chini ya mwembe, ndiyo gereji. Haina geti wala kibao. Kuna turubai, kreti la soda la kukalia, na mafundi watatu wenye mikono myeusi ya kudumu.

Duka lilianzia kwenye baiskeli. Ifakara ni tambarare kama sinia, na kabla boda hazijateka mji, mtu wa hapa alikuwa na baiskeli yake kama alivyo na miguu. Maza alikuwa anauza spoku, pedali na viraka. Zikaja pikipiki za Kichina, zikaja Boxer na TVS, akaongeza rafu. Zikaja pawatila za mashambani, akaongeza rafu nyingine. Spoku bado zipo, kwenye kopo la maziwa karibu na mlango. Mzee wa Kindamba akija na Phoenix yake anahudumiwa kabla yako wewe mwenye chuma cha juzi. Kausha tu.

Sasa barabara. Zamani ukitaka kwenda Ulanga au Malinyi ulisubiri kivuko Mto Kilombero. Mwaka 2018 likafunguliwa Daraja la Magufuli, mita 384, boda ikawa inakata maji bila kuomba ruhusa ya mtu. Halafu ikaja lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9. Mzigo wa Kariakoo ukipakiwa kwenye basi unashuka Kibaoni ukiwa na joto la njiani. Raha. Ila nisikudanganye, kasi ilifika kabla ya akili. Wana walioiva kwenye tope wakapewa lami, kila mtu akataka kujua Boxer yake inasoma ngapi. Kuna waliokula mzinga na hawakurudi kijiweni.

Hapo ndipo unamwona Maza ni mtu wa aina gani. Ukitaka kuchezea mwendo wa Boxer, njia ya bei chee ni sproketi. Weka ya mbele yenye meno mengi, tairi litazunguka zaidi kwa mzunguko ule ule wa injini: unapata mwendo, unapoteza nguvu. Punguza meno, unapata nguvu ya kutoka kwenye tope, ila lami utaimba tu huku unapitwa na guta. Maza anazo zote mbili. Ya mwendo anakuuzia, lakini anakuuliza unaenda nayo wapi. Ukijibu kijinga anaichukua, anaipangusa, anairudisha kwenye boksi. "Hela yako chukua, kanunue helmeti." Helmeti zinaning'inia juu ya kichwa chake. Nimeshuhudia msela akibisha nusu saa, mwisho akatoka kavaa helmeti.

Tatizo letu la kweli wala siyo mwendo. Ni tope. Tope la bonde hili ndilo linalootesha mpunga unaopendwa mpaka Dar, na ndilo linaloua cheni. Linaingia na mchanga wake kwenye pini za cheni, linasaga kama msasa. Cheni inalegea, inaanza kupanda juu ya meno ya sproketi, na meno yenyewe yanachongoka kama ya papa. Mtu akiishiwa anabadili cheni peke yake. Mwezi mmoja, cheni mpya imeliwa na sproketi mbovu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua seti mji mwingine, duka silitaji, nikaambiwa orijino. Ilikuwa kanyaboya tupu. Ilinikatikia njia ya Mlimba saa kumi na mbili jioni, nikasukuma chuma huku mbu wakila bata. Niliporudi, Maza alichukua kipande cha ile cheni akakikunja kwa pembeni. Kikapinda kama tambi. "Cheni nzima haiendi ubavu hivi," akasema, akaniandikia nyingine kwenye daftari.

Hilo daftari la madeni ndilo udhamini wetu. Kwa wenzetu udhamini ni stika kwenye gari la mashindano. Upande wa pili wa milima ya Udzungwa, Iringa wana Mkwawa Rally, wana Ahmed Huwel wao, wana vumbi lenye heshima. Kenya wana Safari Rally, iliyoanza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 2021 imerudi kwenye ubingwa wa dunia pale Naivasha. Sisi hatuna hata kibao cha "Start". Ila mimi huwa nawakumbusha wana habari za Joginder Singh. Jamaa alianza maisha akishika spana gereji. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant, wakabeba Safari na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika. Akairudia tena 1974 na 1976 na Mitsubishi. Yaani mtu aliyeijua injini kwa vidole aliwaacha watu wa makampuni kwenye tope la Afrika Mashariki. Ukiwaambia hivyo saidia fundi wetu, wanaacha kula muhogo.

Mashindano yetu ni mengine kabisa, na ndiyo niliyotaka kuyasimulia tangu mwanzo. Baada ya mavuno, mpunga umeuzwa, wana wana mkwanja na ardhi imekauka, Maza anatoa chokaa. Inapigwa mistari kwenye uwanja, njia nyembamba kama ubao, urefu hatua thelathini hivi. Sheria: wa mwisho kufika ndiye bingwa. Ukigusa chini na mguu, umetoka. Ukizima, umetoka. Ukipita mstari wa chokaa, kaa pembeni ule muwa.

Unacheka? Njoo ujaribu. Kukimbia kila mtu anaweza, mkono mmoja tu unakunja mafuta. Kutembea mwendo wa konokono juu ya Boxer, hapo ndipo gereji inapojulikana. Silensa, ule mngurumo wa injini ukiwa umeachia mafuta, ikiwa juu, chuma kinaruka kama mbuzi. Ikiwa chini, kinazima katikati na kitaa kizima kinakupigia miluzi. Klachi lazima ishike kwa utaratibu, kebo isiwe na kutu, beringi za usukani zisiwe na ugumu. Fundi anakesha na bisibisi kwenye kabureta: skrubu ya silensa robo, skrubu ya hewa kidogo, sikiliza, rudisha. Boxer wanayoiita 150 ukiipima ni cc 144.8, lakini siku hiyo watu wanaihangaikia kama ndege ya abiria. Mshindi anaondoka na lita ya oili, plagi na tyubu. Fundi wake anaondoka na wateja wa mwaka.

Bingwa wa mwaka jana chuma chake kilitengenezwa na yule dogo wa masikio. Dogo alimaliza form four, matokeo yakaja ziro, mtaani wakamwita hivyo hivyo, Ziro. Akaja kukaa kwenye kreti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vifaa kwa petroli na kukaa kimya. Ya pili, kusoma plagi. Plagi ikitoka na rangi ya karanga za kukaanga, injini ina afya. Ikiwa nyeusi ya masizi, inakula mafuta mengi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe, inaungua ndani, usimwachie mtu aondoke nayo. Sasa hivi anaweka bisibisi ndefu kwenye blokhedi, mpini sikioni kama daktari, anakuambia valvu gani imelegea.

VETA wana mpango wa kurasimisha ujuzi wa watu kama yeye, waliojifunzia chini ya mwembe. Unapimwa kwa kazi, unapewa cheti, huanzi tena kidato cha sifuri. Maza akamkazania. Siku ya kupimwa, dogo akafungua injini na kuifunga watu wakiangalia. Halafu mtahini akamuuliza unarekebishaje mzunguko wa injini isiyo na mzigo. Dogo akakausha. Jasho. Akauliza kwa adabu, "Mwalimu, unamaanisha silensa?" Mtahini akacheka, akamwambia aendelee. Cheti kiko kwenye fremu, ndani ya wavu, kati ya helmeti mbili. Sasa anawapigia hesabu wenzake ya mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. "4-4-2," anasema, "na sisi ndio viungo." Wanataka mashine ya kuchomelea.

Ukutani kuna mstari wa kahawia, usawa wa kiuno. Huo ni Mto Lumemo wa 2024, ulipotoka kitandani kwake ukaingia mjini. Pikipiki zilizama, na wana wengi wakafanya kosa la kwanza: kupiga kiki. Ukipiga kiki injini ikiwa na maji unaweza kupindisha fimbo ya pistoni, umeua. Chini ya mwembe ziliegeshwa kwa mstari. Plagi nje, maji yatoke. Oili ikamwagwa, imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Oili mpya, iwashwe kidogo, imwagwe tena, mpaka itoke na rangi yake. Kila chuma kilikunywa oili mara mbili tatu, na hakuna aliyekuwa na hela. Daftari liliisha kurasa, Maza akaendelea kuandika kwenye boksi la tairi.

Boksi analo bado. Mstari wa ukutani hajaupaka rangi, anapangia nao mzigo. Chini yake ni cheni na sproketi, juu yake ni gasketi na karatasi zote. "Cheni inaweza kuoga," anasema. Juzi dogo alipigilia rafu mpya juu kabisa, karibu na bati, ya vifaa vya umeme. Maza akapanda kwenye kreti kujaribu kama mkono wake unaifikia.