Kebo ya Kioo Haina Shaba

Majuma machache yaliyopita kamera ya lango la chini ilizimika usiku katika kiwanda kimoja cha chai cha wakulima wadogo, karibu na mpaka wa Kericho na Bomet. Mlinzi aliyekuwa ofisini alitazama televisheni yake akaona giza tupu. Kulipokucha fundi aliitwa, akaufuata mfereji uliopita kando ya barabara ya murram chini ya mikaratusi, akakuta udongo umefukuliwa, bomba jeusi limepasuliwa kwa panga na kebo imekatwa. Aliyeikata alikuwa ameivuta hatua tatu hivi, akatazama ndani, kisha akaiacha palepale. Alikuwa akitafuta shaba ya kuuza, na shaba hamkuwamo.

Usiku uleule lori la kituo kimoja cha kununulia majani lilifika likapimwa, likaonekana limepungukiwa na zaidi ya kilo 200 kuliko zilizoandikwa kituoni. Dereva alisema hili na karani wa kituo akasema lile. Siku nyingine picha zingalitazamwa: lori liliingia saa ngapi, lilisimama wapi, nani alipanda nyuma. Usiku ule picha hazikuwapo, na wakulima wa kituo kile hawajui hata leo kilo zao zilipotelea wapi.

Tangu siku hiyo watu wengi wamekuja ofisini kwetu kuuliza kebo hii ni kitu gani. Mmoja alidhani ni umeme, mwingine akadhani ni maji. Mafundi huiita faiba. Mimi kabla ya kuwa karani wa kilimo nilisomea ualimu, kwa hiyo mtanisamehe nikianza kama niliyeshika chaki.

Mtoto na achukue chupa ya plastiki isiyo na rangi, aitoboe tundu dogo ubavuni karibu na kitako, aijaze maji. Usiku, taa ikiwa imezimwa, amulike kwa tochi upande wa pili wa chupa, mwanga uelekee kwenye tundu. Maji yatatoka yakipinda kuelekea chini, naye akiyakinga kwa kiganja ataona mwanga umefika kiganjani. Mwanga umepinda pamoja na maji! Sababu yake ni kwamba mwanga ukiugonga ukingo wa maji kwa kuteleza hauwezi kutoka nje, bali hurudi ndani, ukagonga upande wa pili, ukarudi tena. Jambo hili Daniel Colladon alilionyesha watu mjini Geneva katika miaka ya 1840.

Basi kebo ya faiba ni jambo lilelile, ila mahali pa maji pamewekwa kioo. Ndani ya kebo mna nyuzi za kioo, na kila uzi una unene wa milimita moja iliyogawanywa mara nane. Katikati ya uzi mna kioo cha namna moja, na kioo cha namna nyingine kimekizunguka, ili mwanga uteleze katikati bila kutoka. Kwa miaka mingi shida ilikuwa kwamba kioo chenyewe kilikuwa na uchafu uliomeza mwanga. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, aliandika pamoja na mwenzake George Hockham kwamba kioo kikisafishwa sana kitaweza kupeleka habari mbali. Mwaka 1970 wataalamu wa kampuni ya Corning huko Marekani walitengeneza uzi uliobakiza zaidi ya sehemu moja kwa mia ya mwanga baada ya kilomita moja. Hilo lilikuwa jambo kubwa wakati ule. Uzi wa siku hizi hubakiza kama sehemu 95 kwa mia. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, na mwaka huohuo kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, zikatuletea intaneti ya haraka.

Lakini kiwanda chahitaji kioo kwa nini, na waya wa shaba upo tele madukani? Jibu la kwanza ni umbali. Waya wa kawaida wa mtandao hauna uhakika ukizidi mita 100. Waya mnene wa picha, kama ule wa televisheni, huenda mita mia kadhaa, kisha picha huanza kufifia. Katika kiwanda nilichokitaja, lango la chini liko mita 900 hivi kutoka ofisini. Uzi wa kioo hupeleka picha kilomita 10 au 20 bila kuchoka, na uzi mmoja hubeba kamera nyingi pamoja.

Jibu la pili ni radi, na hapa ndipo mkulima wa Kericho aelewe upesi kuliko mtu wa mahali pengine. Sisi watu wa nchi hii twajua mvua ya mawe inavyokuja saa nane mchana na ngurumo zake, majani ya chai yakapasuliwa kabla hujafika nyumbani. Radi ikipiga karibu na waya wa shaba uliotandazwa kutoka jengo hadi jengo, nguvu yake hukimbia ndani ya waya ikaunguza kamera upande huu na mashine ya kuhifadhi picha upande wa pili. Kioo hakipitishi umeme. Radi ikipiga langoni yaweza kuua kamera ya langoni, lakini haitasafiri ndani ya uzi hadi ofisini. Hali kadhalika mota kubwa za feni za kunyausha majani na za mashine za kukata hutia mikwaruzo katika picha inayopita kwenye shaba. Mwanga haujali mota.

Safari yenyewe ni hivi. Kamera huigeuza picha kuwa hesabu za umeme. Kisanduku kidogo kilicho chini yake huzigeuza hesabu hizo kuwa mmweko wa mwanga, unaowaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde. Ofisini kisanduku cha pili huugeuza mwanga kuwa umeme tena, na mlinzi huona lori.

Sasa kuna kamera zinazogeuza shingo na kuvuta picha karibu. Mlinzi ana kijiti mezani, akikisukuma kushoto kamera nayo hutazama kushoto. Amri hiyo yatoka ofisini kwenda langoni, hali picha zatoka langoni kuja ofisini. Zamani amri ilitengewa jozi yake ya waya, ambayo mwisho wake ni kama mita 1,200. Katika kioo vyote viwili hupita ndani ya uzi mmoja, kwa kuwa mwanga una rangi nyingi: picha huja kwa rangi moja na amri huenda kwa rangi nyingine, zikapishana bila kugongana. Rangi hizo jicho la mwanadamu haliwezi kuziona, na kwa sababu hiyohiyo ni za hatari. Mtoto akiokota kebo iliyokatwa asichungulie ncha yake, maana mwanga usioonekana waweza kudhuru jicho naye asijue.

Mzee mmoja mjumbe wa kituo, tuliyekwenda naye kutazama, aliruhusiwa kukishika kijiti. Aliona kamera inachelewa kidogo kumtii, akasema njia ni ndefu mno. Fundi alimjibu, «Hapana, mzee. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde. Wanaochelewesha ni hivi visanduku, vinapoipunguza picha ili ipite.» Kisha mzee akauliza kama kamera yaweza kuona kilo zilizomo ndani ya gunia. Akaambiwa haiwezi. Akasema basi risiti zake ataendelea kuzitunza ndani ya kopo.

Mzee yule alisema kweli. Kamera haipimi. Huonyesha gunia lilishuka au halikushuka, mlango wa ghala la chai iliyokauka ulifunguliwa saa ngapi, gari gani lilipakia mbolea. Mizani ikidanganya, kamera itapiga picha nzuri ya mizani inayodanganya. Kwa hivyo mkulima asiache kusoma kilo zake zikipimwa kituoni kwa kuwa ameambiwa kiwandani kuna jicho.

Tena kioo kina udhaifu wake, nami sitauficha. Kwa kuwa hakipitishi umeme, hakiwezi kuilisha kamera iliyo mbali. Kamera ya langoni sharti ipate umeme wake palepale, na umeme ukipotea bila betri ya akiba, kioo kitabaki kizima na picha haitakuwapo. Adui mwingine ni fuko, mnyama ambaye kila mwenye viazi anamjua. Panya na wanyama wa jamii ya kuguguna hutafuna kebo, ndiyo maana nyingine huvikwa utepe wa chuma. Lakini chuma hicho hupitisha nguvu ya radi, ile tuliyotaka kuikimbia! Mafundi wazuri hukiunganisha na ardhi sawasawa. Kiwanda kikinunua kebo ya chuma, wakurugenzi wenu na waulize jambo hilo kabla ya kutia sahihi.

Kebo ya aina hii imeenea nchini kuliko mnavyofikiri. Katika nguzo kubwa za umeme, ule waya wa juu kabisa wa kukinga radi mara nyingi una nyuzi za kioo ndani yake, na Kenya Power hukodisha nyingine kwa kampuni za simu. Mwaka 2014 serikali iliingia mpango na Safaricom wa kuweka kamera 1,800 mijini Nairobi na Mombasa na kuunganisha vituo vya polisi 195. Huko kulikuwa na mabishano mengi juu ya gharama na juu ya nani atatazama.

Swali hilo la nani atatazama ni letu pia. Mchumaji anayepita langoni hupigwa picha, na mkulima anayebishana na karani hupigwa picha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka watu waambiwe kwamba wanapigwa picha na kwa sababu gani, na humpa mtu haki ya kuomba kuona habari zake zilizohifadhiwa. Viwanda vyetu vya wakulima wadogo ni mali ya wenye hisa, nanyi ndio wenye hisa. Katika mkutano mkuu wa mwaka inukeni mkaulize: picha zahifadhiwa siku ngapi? Ufunguo wa chumba kile yuko nao nani? Mzozo wa kilo ukitokea, mjumbe wa kituo ataruhusiwa kuketi na kutazama? Kwa maoni yangu, kamera ambayo wakurugenzi peke yao huitazama ni nusu ya kamera.

Kuhusu kebo iliyokatwa, fundi alileta chombo kinachotuma mmweko ndani ya uzi na kungoja mwangwi wake urudi. Kwa muda uliopita chombo kilihesabu umbali, kikaonyesha mita 640 kutoka ofisini, na ndipo palipokuwa na shimo. Akaziunga nyuzi moja moja kwa mashine ndogo inayoyeyusha kioo kwa cheche ya umeme. Kazi ilimshika siku nzima, nayo hulipwa kwa fedha za kiwanda, yaani kabla ya bonasi kugawanywa.

Wengi wetu katika skimu tumepanda chai mpaka ukingoni mwa barabara, na mifereji hii hufuata barabara. Kebo mara nyingi hulala kiasi cha mita moja chini. Ukiona vigingi vya alama au utepe wa plastiki wenye maandishi udongoni, usichimbe shimo la nguzo hapo wala usipande mkaratusi. Kebo ikitakiwa kupita ndani ya shamba lenyewe, mwenye shamba hana budi kuombwa ruhusa kwanza, na makubaliano yaandikwe. Na mtu akiona mfereji umefukuliwa usiku, apeleke habari upesi kwa chifu au kwa mlinzi wa kiwanda, wala asiiguse ncha ya kebo kwa mkono mtupu, kwa maana vipande vya kioo kile huingia katika ngozi na ni vigumu kuviona.