Almasi ya Mwadui na majira mafupi ya ndoa changa

 Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo aghalabu halipewi nafasi katika mawaidha yetu ya ndoa, nalo ni maisha ya wanandoa vijana katika miaka yao ya kwanza: michezo yao, marafiki zao, matembezi yao na kazi zao. Mawaidha mengi huanzia kwenye mahari na kurukia kwenye talaka, kana kwamba baina ya mambo hayo mawili hapana kitu. Ilhali ni humo katikati ndimo ndoa inamojengwa au inamobomokea.

Tunaanzia Mwadui, kwa sababu kutoka ardhi ile ilitoka zawadi ya harusi ambayo habari zake zinafaa kutafakariwa na kila aliyeoa au kuolewa akiwa bado kijana.

Jiwe lililotoka Kishapu

Mwadui ipo katika wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, Dkt. John Williamson, aligundua hapo mwamba wenye almasi ambao eneo lake la juu, hekta zipatazo 146, ni miongoni mwa makubwa kabisa ya aina yake duniani. Mwezi Oktoba mwaka 1947 mgodini humo likapatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Wakati huo Elizabeth, binti wa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, alikuwa akijiandaa kuolewa na Philip, ofisa wa jeshi la majini. Williamson akalitoa jiwe lile liwe zawadi ya harusi yao, iliyofungwa London tarehe 20 Novemba 1947. Bibi harusi alikuwa na miaka 21 na bwana harusi 26. Mwaka uliofuata jiwe lilichongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya pambo la kifuani lililotengenezwa kwa umbo la ua, katika jamii ya maua yanayochanua majira ya machipuko huko Ulaya.

Wapo watakaouliza Watanganyika waliochimba ardhi ile walipata nini. Swali hilo ni la haki, nalo lina siku yake. Leo tunafuata habari ya wale wawili waliopewa.

Mwaka 1949 Philip alipangiwa kazi katika meli za kivita zilizokuwa na makao yao kisiwani Malta, katika bahari ya Mediterania. Mkewe akamfuata, akawa anakaa huko kwa vipindi hadi mwaka 1951. Huko waliishi kwa namna iliyokaribia ile ya mke na mume wa kawaida wa jeshi la majini. Mume alikwenda kazini melini, na akipata nafasi alicheza polo, ule mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi. Mke alikwenda kumtazama. Walitembelea marafiki, walikwenda ufukweni na kupanda mashua, na yeye aliweza kuingia dukani kununua kitu kama mwanamke mwingine yeyote.

Hapa hatuna budi kutaja na upungufu wake. Mtoto wao wa kwanza, Charles, aliyezaliwa Novemba 1948, aliachwa Uingereza kwa babu na bibi yake kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho. Furaha ya wazazi ililipiwa na mtoto mchanga, na jambo hilo tutalirejea.

Majira yale yalikatika ghafla, tena hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mapema Februari 1952 wawili hao walifika Kenya wakiwa mwanzoni mwa safari ndefu ya kuelekea Australia na New Zealand. Walifikia katika nyumba ya Sagana, karibu na Nyeri, ambayo koloni la Kenya lilikuwa limewapa, nayo pia ikiwa zawadi ya harusi. Usiku wa tarehe 5 waliukesha Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huohuo, kuamkia tarehe 6, Mfalme George akafariki usingizini huko Uingereza. Habari iliwafikia walipokuwa wamekwisha kurudi Sagana, na ni mume aliyemfikishia mkewe. Yeye alikuwa na miaka 25, mumewe 30. Siku ile ile wakaanza safari ya kurudi, na Philip hakuhudumu tena melini.

Waliishi katika ndoa miaka 73, mpaka Philip alipofariki Aprili 2021, na Elizabeth akamfuata Septemba 2022. Novemba 2007 walipotimiza miaka 60 ya ndoa, ambayo kwa desturi ya Wazungu huitwa ndoa ya almasi, wakiwa njiani kuja Kampala kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, walipita Malta. Watu waliokuwa na majumba ya kifalme, na almasi ya Mwadui kabatini, waliiadhimisha siku yao kisiwani, pale walipoishi ujana wao.

Ruwaza yetu

Ifahamike kwamba hatukuwataja hao ili wawe ruwaza yetu katika dini. Ruwaza tunayo, na katika jambo hili imetutangulia kwa karne nyingi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa safarini na sahaba zake, aliwataka watangulie mbele, kisha akashindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.), na Bi Aisha akamshinda. Baada ya muda, Bi Aisha alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena, na safari hii Mtume akamtangulia, akamwambia kwa mzaha kuwa sasa wamelipana. Na tutazame ni nani aliyefanya hayo: ni kiongozi wa umma, aliyebeba ujumbe wa Mola wake, mwenye wageni, vita na mashauri ya watu kila siku. Hakusema kwamba hana nafasi.

Vilevile imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Salman Al-Farisi (r.a.) alipomtembelea nduguye Abu Dardaa (r.a.) alimkuta mkewe hakujipamba, kwa kuwa mumewe alikuwa amezama katika kufunga na kusimama usiku. Salman alimfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume alipoelezwa, akalithibitisha neno la Salman. Ikiwa ibada za sunna hazimpi mume ruhusa ya kumsahau mkewe, je, zamu ya mgodini itampa? Je, kahawa ya kijiweni itampa?

Nyumba moja, starehe mbili

Sasa turudi Kishapu. Mji wa Mwadui ulikua pamoja na mgodi, ukapata makazi ya wafanyakazi, shule, hospitali na viwanja vya michezo. Timu yake ya soka, Mwadui FC, ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2015/16 hadi iliposhuka daraja mwaka 2021. Ni mahali ambapo kazi na michezo vimezoea kukaa jirani.

Lakini kazi yenyewe haina ahadi ya kudumu. Aprili 2020, bei na soko la almasi viliposhuka wakati wa ugonjwa wa korona, uzalishaji ulisimamishwa, ukarejea mwaka 2021. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, tope likaingia katika mashamba na makazi ya majirani, na uzalishaji ukasimama tena hadi mwaka 2023. Mume na mke walioiahirisha furaha yao mpaka mshahara utakapotulia, wakati kama huo hujikuta mshahara umekwenda na furaha haijaanza.

Tuwatazame wanandoa vijana wa ukanda huu walivyo. Mume anatoka zamu ya usiku alfajiri. Mke, ambaye ni mwalimu au ana duka lake, anatoka saa moja asubuhi. Wanapishana mlangoni. Wengine kazi zao ni za majuma kadhaa kambini na siku chache nyumbani. Huko Geita, mchimbaji mdogo husikia dhahabu imetoka mahali papya, naye huondoka na shoka na sururu, na mkewe hubaki akihesabu miezi.

Hata siku ya mapumziko inapofika, mara nyingi haiwakutanishi. Mume anaelekea kijiweni kwenye drafti na kahawa, kisha kwenye kibanda umiza kutazama Simba na Yanga, na hurudi wakati watu wamekwisha kulala. Mke anabaki na tamthilia na simu yake. Nyumba ni moja, siku ya mapumziko ni moja, ila starehe ni mbili zisizokutana. Ukimuuliza mume atakwambia ametimiza wajibu, kwani chakula kipo na kodi imelipwa. Wahenga walisema mke ni nguo, mgomba kupalilia. Wengi wetu tumeishika sehemu ya nguo, ya palizi tumeiacha. Palizi ni kazi ya mkono na ya muda, na mgomba haupaliliwi kwa kutumiwa pesa kwa simu.

Allah ametufahamisha katika Surat Ar-Rum, aya ya 21, kuwa miongoni mwa ishara zake ni kutuumbia wenza ili tupate utulivu kwao, na kwamba ametia baina yetu mapenzi na huruma. Utulivu huo unataka watu wawili waliokaa pamoja mahali pamoja. Mapenzi yanayopewa dakika za mlangoni tu hudhoofika, na yakidhoofika, neno dogo la ukali huwa kesi ya kupelekwa kwa wazee.

Linalowezekana

Hatumtwiki kijana mzigo asioweza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko yasiyopungua saa 24 kila juma, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Basi katika saa hizo 24, zitengwe mbili au tatu za mke na mume, zijulikane, na marafiki wazizoee. Wakitembea jioni baada ya Alasiri hadi nje ya makazi, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha na mashamba ya Usukuma yameanza kuwa kijani, hawatatumia hata shilingi. Mke anayependa mchezo asinyimwe, maadamu stara imehifadhiwa. Na mume anayependa mpira aulizane na mkewe ni mechi ipi ya kwenda na ni ipi ya kubaki.

Likizo nayo isiishe yote kwenye misiba na ujenzi. Mwanza si mbali, na ukiwa mjini humo, Kisiwa cha Saanane kinafikiwa kwa mwendo mfupi wa boti, nacho ni Hifadhi ya Taifa yenye mawe, ndege na wanyama. Kwa walio Geita, daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kusubiri kivuko. Na watoto waende pamoja na wazazi wao. Yale ya Malta, ya wazazi kufurahi na mtoto kubaki kwa bibi, yasiwe desturi yetu.

Kuhusu marafiki, wasikatwe, ila wageuzwe kuwa marafiki wa nyumba mbili. Jamaa wa kijiweni na aje na mkewe, wanawake wakae na wenzao na wanaume na wenzao, chakula kiliwe, dua isomwe. Na nyinyi wazazi na wakwe, mnapomwona kijana ameshika mkono wa mkewe akienda matembezi, msiseme amekaliwa. Semeni maashallah, kisha pokeeni mapishi ya siku hiyo ili wapate kutoka.

Mtume (s.a.w.) ametuusia kuyakamata mambo matano kabla ya matano kutufikia, na miongoni mwake ni ujana kabla ya uzee na faragha kabla ya shughuli. Mfiwa wa Sagana alikuwa na miaka 25 alipopokea habari iliyoyafunga majira yake, ilhali jana yake alikuwa akitazama wanyama na mumewe. Kwetu habari hiyo yaweza kuwa barua ya kupunguzwa kazini, uhamisho, maradhi au mauti. Anayetoka kazini leo jioni basi na apite nyumbani kabla ya kijiweni.

Tunamwomba Allah azitie baraka nyumba za vijana wetu, awape riziki ya halali na nafasi ya kuila pamoja, na awajaalie watoto wao kuwa kitulizo cha macho yao. Amin. Wabillahi tawfiq.