Mdako na Kati: Michezo Miwili ya Uani

Huko Sigor, katika Kaunti ya Bomet, kama kwingineko Kenya, watoto waweza kucheza michezo ya kurusha uani bila kununua kitu.

Mchezo mmoja ni wa vijiwe, uitwao mdako kwa Kiswahili. Vijiwe hutiwa katika kishimo. Mchezaji hurusha kimoja juu, huzoa vya kishimoni, kisha hukidaka kile cha juu. Akirusha tena, huvirudisha vyote ila kimoja, ambacho huwa chake. Asipodaka, zamu ni ya mwenzake.

Mchezo wa pili ni kati. Watoto wawili husimama mbalimbali, wakirusha mpira wa matambara. Aliye katikati huukwepa. Akipigwa, hutoka.

Furaha ya kati ni mbio, hila na vicheko. Furaha ya mdako ni jicho kali na mkono mwepesi, wala miguu haihitajiwi. Kwa hiyo mtoto mlemavu wa miguu, ambaye katika kati hutolewa mapema, katika mdako aweza kuwashinda wenzake wote.

Basi wazazi wasiudharau mdako. Uani na pawe na nafasi ya mbio, na ya kishimo pia.