Kuku wa Misikhu na chupa ya Italia: ulipe ngapi?

Mgeni wa heshima akifika Misikhu, huko Bungoma, kuku huchinjwa. Kwa Wabukusu hilo halina mjadala, na firigisi ina mwenyewe. Siku hizi mjadala uko kwenye kinywaji: kijana aliyerudi nyumbani kutoka Nairobi anataka mvinyo mwekundu wa Italia mezani, na swali ni chupa ipi inastahili pesa zake.

Nianze na ushuru, maana ndio unaoamua mengi kuliko jina lililo kwenye lebo. Tangu mwishoni mwa 2024, Kenya hutoza mvinyo shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ya mililita 750 yenye kileo asilimia 13 hubeba takriban shilingi 219 za ushuru huo, uwe mvinyo hafifu au wa kifahari. Ongeza VAT ya asilimia 16. Kwenye chupa ya shilingi 1,000, kodi hizo mbili humeza kama 357, na ushuru wa forodha bado. Zinabaki 643. Kwenye chupa ya 2,000 humeza kama 495, zikabaki 1,505. Umelipa mara mbili, lakini kinachobaki kugharamia usafirishaji, faida ya duka na mvinyo wenyewe kimezidi mara mbili. Ndiyo maana chupa ya bei ya chini kabisa mimi huiona ghali.

Basi tukimbilie Barolo? La. Barolo hutoka Piemonte, hutengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo pekee, na sheria inataka ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mapipa ya mbao. Muda huo wote unaulipia wewe. Isitoshe, tanini yake hukaza ufizi na hudai nyama ya ng'ombe yenye mafuta. Ukiuweka kando ya mchuzi wa kuku, pesa zimepotea.

Kuku wa kienyeji hana mafuta mengi, na hupikwa polepole kwa vitunguu na nyanya mpaka mchuzi uwe na uchachu wake. Zabibu za Sangiovese zina uchachu wa kukabiliana na nyanya hizo. Tafuta Chianti Classico, yenye jogoo mweusi shingoni mwa chupa: angalau asilimia 80 yake ni Sangiovese. Chianti ya kawaida huanzia asilimia 70, kwa kawaida ni nafuu, na kwa kuku na ugali wa wimbi inatosha kabisa. Chaguo langu mwenyewe ni Barbera d'Asti. Uchachu wake ni mwingi na tanini ni kidogo, kwa hiyo hata kukiwa na saga kwenye sahani, mboga ambayo uchungu wake huharibu mvinyo mwingi mwekundu, Barbera haigombani nayo.

Kwa mbuzi choma, ukitaka wa Italia, chukua Montepulciano d'Abruzzo, ambao kwa kawaida ni miongoni mwa mvinyo mwekundu wa bei nafuu kutoka Italia. Mafuta na chumvi ya nyama hulainisha tanini. Usiuchanganye na Vino Nobile di Montepulciano, wa Toscana, ambao ni mvinyo mwingine na bei nyingine. Omena ipikwapo, acha mvinyo mwekundu kabisa: chuma kilichomo kwenye mvinyo kikikutana na mafuta ya samaki, mdomo huonja bati.

Kwenye supamaketi za Kitale na Bungoma utaona zaidi mvinyo wa Afrika Kusini, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Kwa nyama choma, Cabernet ya Stellenbosch inafanya kazi vizuri, sioni haja ya kuongeza pesa. Ni kwenye mchuzi wa nyanya ndipo Mwitaliano anapostahili nyongeza hiyo.

Kabla ya kulipa, kagua stempu ya KRA kwa programu ya Soma Label, na iache chupa iliyosimama juani dirishani. Mvinyo mwekundu hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, na mchana chini ya mabati joto hupita hapo. Nusu saa ndani ya ndoo ya maji baridi inasaidia. Chupa moja hutoa glasi tano za mililita 150. Wakwe wakija kumi, nunua Chianti mbili, na pesa ya Barolo iongeze kuku wa pili.