Njia ya Kwenda Ziwani

Miongoni mwa mambo yanayomkosesha usingizi mfanyakazi wa kipato kidogo katika miji yetu, hapana lililo zito kuliko suala la makazi. Chakula mtu aweza kukipunguza, na nguo aweza kuitia kiraka. Lakini kodi ya nyumba haina huruma wala haijui mwisho wa mwezi. Mji wa Mwanza ni shahidi wa kutosha. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazofanya jiji hilo, zilikuwa na watu 594,834 na 509,687. Ni zaidi ya watu milioni moja waliobanana kati ya maji na majabali.

Aijuaye Mwanza anaelewa maana ya maneno hayo. Pale Mabatini, Igogo na kwingineko nyumba zimepanda vilima jiwe kwa jiwe, na mama mwenye ndoo kichwani hupanda nazo. Watu hawakuyapenda majabali. Walifukuzwa na bei ya tambarare. Na sasa hata majabali yamekuwa ghali.

Ndipo macho ya wengi yakageukia miji midogo ya kando ya ziwa. Wako waliovuka ghuba kwa kivuko hadi Kamanga, upande wa Sengerema, nao huja mjini kwa kazi na kurejea jioni. Wako waliokwenda kaskazini, wakaupita uwanja wa ndege, hadi Igombe na Kayenze. Mimi pia ni mmoja wa wapangaji wa jiji hili, na kiangazi kilichopita nilikwenda Igombe, si kwa ziara ya kikazi, bali kutafuta kiwanja.

Nilifika alfajiri, na sijutii kuamka mapema. Wavuvi wa dagaa walikuwa wakirejea. Zamani taa zao zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za umeme wa jua, lakini kazi ni ile ile: usiku wa giza samaki huufuata mwanga, na mbalamwezi ikikua wavuvi hupumzika. Mitumbwi ilipogusa mchanga, kina mama walikuwa wamekwisha jipanga na ndoo zao. Bei ilipatanwa hapo hapo, kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kiswahili, na kabla jua halijawa kali mchanga ulikuwa umefunikwa dagaa mithili ya mkeka wa fedha. Wachache waliwaanika juu ya chanja, na hao ndio wapatao bei bora, kwa kuwa dagaa wao hawana mchanga.

Maisha ya huko yana unafuu wa kweli, wala si porojo za madalali. Kwa fedha ambazo mjini hulipa chumba kimoja, pale mtu hupata vyumba viwili na ua wa kupanda mchicha. Samaki hununuliwa mkononi mwa mvuvi. Viazi vitamu na muhogo hutoka shamba la jirani. Watoto wana nafasi ya kukimbia, na jioni upepo wa ziwa hufanya kazi ambayo mjini hufanywa na feni.

Hata hivyo, wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na si haki kumsifia mtu unafuu bila kumwonyesha gharama zake. Nauli ya daladala ya kwenda na kurudi kila siku, kwa baba, mama na mtoto asomaye mjini, hula sehemu ya kile kilichookolewa katika kodi. Ugonjwa wa usiku hauna subira ya kungoja gari la asubuhi. Na ziwa lenyewe, pamoja na uzuri wake, lina kichocho: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aogaye au achotaye maji kwa miguu mitupu. Anayehamia kando ya ziwa na ajenge choo kabla ya baraza, wala asidhani kuwa kuyatazama maji ni sawa na kuwa na maji safi.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu si hayo. Dalali alinionyesha kiwanja kilichoshuka hadi ufukweni, chenye mwembe mmoja na bei ambayo mfukoni mwangu ilikuwamo. Moyo wangu, nasema kweli, ulikwisha jenga nyumba pale. Mwenye kiwanja alikuwa mzee aliyevua tangu ujana wake. Tulisalimiana, mwangaluka kwa mwangaluka, akaniketisha chini ya mwembe. Tulipokuwa tukizungumza, kina mama watatu walipita mbele yetu na ndoo za dagaa, wakatusalimu bila kusimama. Baada ya kitambo akapita kijana na nyavu begani.

Nikamwuliza, “Mzee, hii ni njia?”

Akajibu, “Mwanangu, hii ilikuwa njia kabla sijazaliwa. Ukijenga ukuta, hao utawapitisha wapi?”

Nilimwuliza kwa nini basi anauza. Hakunificha. Samaki wamepungua, nyavu zimepanda bei, na mjukuu anatakiwa chuoni. Viwanja viwili vya jirani vilikwisha uzwa kwa watu wa mjini, nao walikuwa wameweka senyenge. Njia iliyobaki ilikuwa hiyo moja. Mzee hakuwa na kosa. Alikuwa akiuza alichonacho. Madhali sheria ingemwona mnunuzi kuwa mwenye haki, wajibu wa njia ile ulikuwa ukihamia kwangu pamoja na mwembe.

Hapo ndipo nilipofahamu asili ya sehemu ya unafuu ule. Kiwanja kilikuwa rahisi kwangu kwa sababu shida ilikuwa imemfikia mwingine kabla yangu. Na kama kila mpangaji wa jiji atanunua kipande cha ufuko na kukizungushia ukuta, mama muanika dagaa atakosa mchanga, mvuvi atakosa pa kuegesha mtumbwi, na mji uliotuvutia kwa samaki wake wa bei nafuu utakuwa mji wa kuta tupu, wenyeji wake wakiwa walinzi na wafagizi katika mashamba ya babu zao. Huko si kuhamia kijijini. Ni kukihamisha kijiji.

Juu ya haya, ziko hoja mbili ambazo mnunuzi wa ufukweni hapaswi kuzipuuza. Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu au zenye kuathiri hifadhi ya mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ya pili ni ziwa lenyewe. Mvua kubwa za kati ya mwaka 1961 na 1964 zilipandisha kina chake kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda sana na kuingia katika nyumba na mialo ya watu. Ziwa halisomi hati ya mauziano. Likitaka mahali pake hupachukua.

Nini basi kifanyike? Hatuwezi kuwaambia watu wa mjini wabaki juu ya majabali, wala kuwakataza wenyeji wasiuze mali yao. Ardhi ya nchi hii ni ya umma, na kila raia ana haki ya kupata mahali pa kuishi. Lakini uongozi wa mtaa wapaswa kuzipima na kuziandika njia za kwenda ziwani na viwanja vya kuanikia dagaa kabla havijaingia mikononi mwa madalali, si baada yake. Ofisi za ardhi zishuke huko na ramani wakati mashamba bado ni mashamba. Wavuvi na kina mama wakae katika mkutano unaoamua, maana wao ndio wajuao maji hufika wapi mwaka wa mvua nyingi. Nasi tunaohamia tuulize swali moja kabla ya kulipa: je, hapa hupita nani?

Ama mimi, kiwanja kile cha ufukweni sikukinunua. Nilimweleza mzee sababu, naye akacheka, akasema kwamba hakika nimeikwepa gharama ya ukuta. Wiki ya pili alinipeleka kwa nduguye mwenye shamba la mawe juu ya barabara, mbali na maji, na hapo ndipo ninapofyatua matofali sasa. Fedha za mwembe ule hakuzipata kwangu, na mjukuu bado anadaiwa ada. Jambo hilo linanikereketa, na sidai kuwa nimelitatua. Lakini kila asubuhi niendapo kutazama matofali yangu, nawaona kina mama wale wakishuka na ndoo zao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apishe.